Kupima nguvu ya mwamba chini ya mgodi wa makaa ya mawe kwa zana za kubebeka

Maswali ya wanaoanza kazi hii ni yaleyale. Ili kupata nguvu ya mwamba, nizidishe kipimo cha mashine kwa 21 au 24? Nyundo ya Schmidt (ya chemchemi, inayopima mdundo) peke yake inatosha? Sampuli ikibanduka mkononi kabla sijaiweka kwenye mashine, niandike nini? Nimepata 62 MPa (megapaskali, kizio cha nguvu ya mwamba), je, paa ni salama? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu nje ya mgodi hadi kwenye jedwali la matokeo. Ni wa mtu mwenye daftari, nyundo na mashine ndogo ya pampu ya mkono, ambaye maabara kubwa iko mbali naye. Kwa Tanzania, makaa ya Ngaka huchimbwa kwa mgodi wa wazi, ila Kiwira, ulioanza kuzalisha mwaka 1988, ni mgodi wa chini kwa chini. Kazi tunayoieleza hapa ni ya migodi ya aina hiyo ya pili.

Nadharia ni hii tu. Mwamba unaolala juu ya makaa ni matabaka: mwamba wa tope, mwamba wa mchanga, tope tena, pengine na uzi mwembamba wa makaa katikati. Ukiubana kutoka juu kwenda chini unahimili mzigo mkubwa. Ukiubana kwa ubavu, unafunguka kama kurasa za kitabu kilichoshika maji. Na paa la mgodi wa makaa mara nyingi halianguki kwa kusagika, bali hubanduka tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo unatafuta namba mbili: nguvu ya mwamba wenyewe, na nguvu ya mshikamano kati ya matabaka. Anayeleta namba moja bila kusema mwamba ulibanwa kuelekea upande gani hajaleta kitu ambacho mhandisi anaweza kukitumia kupanga bolti, vyuma virefu vinavyochomekwa juu kufunga paa.

Vinavyohitajika

- Mashine ya pointi lodi: fremu yenye koni mbili za chuma kigumu zinazotazamana, jeki ya haidroliki ya pampu ya mkono, na geji. Koni zinatakiwa ziwe na pembe ya digrii 60 na ncha iliyoviringwa kwa nusukipenyo cha mm 5.
- Cheti cha urekebishaji wa mashine. Kama geji inasoma presha badala ya mzigo, cheti ndicho kinachokupa eneo halisi la pistoni.
- Nyundo ya jiolojia, nyundo ya makanika ya takribani nusu kilo yenye kichwa cha duara upande mmoja, tindo bapa, na kisu cha mfukoni.
- Nyundo ya Schmidt aina ya L, pamoja na jiwe lake la kusugulia.
- Kalipa inayosoma hadi mm 0.1, na futi ya kukunja.
- Plastiki nyembamba ya kufungia chakula, mifuko ya plastiki minene, selotepu na kalamu ya rangi isiyofutika kwa maji.
- Miwani ya kinga. Vipande huruka, na huruka kwa usawa wa macho.
- Daftari lenye fomu uliyoichora mapema.

Chunguza ukubwa wa geji kabla ya kitu kingine. Mashine nyingi huja na geji ya hadi kN (kilonyutoni) 100 hivi, na wengi hufurahia ukubwa huo. Sasa piga hesabu: mwamba wa tope wenye nguvu ya 20 MPa, kwa koa (kipande cha mviringo kilichochorongwa) ya kipenyo cha mm 50, hupasuka kwa takribani kN 2.4. Ukiubana kwa ubavu wa matabaka unaweza kupasuka chini ya kN 1. Kwenye geji ya kN 100, huo ni mtikisiko wa sindano tu. Kwa miamba ya makaa tafuta geji ndogo, au mashine yenye geji mbili zenye vali ya kuhamisha kutoka moja kwenda nyingine.

Kabla hujashuka

Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na kwa kuwa ni nyepesi hupanda na kukaa kwenye mapengo ya paa, palepale unapotaka kupeleka nyundo yako. Gesi ipimwe juu, karibu na paa, na mtu mwenye idhini, kabla chuma hakijagonga jiwe. Kanuni za Marekani zinataka vifaa vya umeme vizimwe methani ikifika asilimia 1.0, na watu waondoke eneo hilo ikifika 1.5. Mgodi wako una viwango vyake. Vijue kwa kichwa.

Simu, kamera ya kawaida na geji ya kidijitali visivyoidhinishwa kwa mgodi wenye gesi vinabaki juu. Geji ya sindano haina shida hiyo. Jihadhari pia na aluminiamu: aloi nyepesi ikigongana na chuma chenye kutu hutoa cheche kali zinazoweza kuwasha methani, na migodi mingi ya makaa hairuhusu metali hiyo ichukuliwe chini ikiwa wazi. Angalia fremu ya mashine na ganda la nyundo ya Schmidt vimetengenezwa kwa metali gani, kisha muulize msimamizi wa usalama. Tunachopendekeza ni hiki: chini ya mgodi fanya kazi ya nyundo, tindo na kuchukua sampuli, mashine ya pointi lodi iache juu, kwenye meza iliyotulia, yenye mwanga.

Na hili halina mjadala: hupimi, huchukui sampuli, hupigi hata hatua moja chini ya paa lisilofungwa bolti au kuwekewa nguzo. Paa likianguka na kuacha ukuta mzuri wa matabaka uliofunuliwa, unausoma kutoka mahali palipofungwa. Hata kipande kizuri kiasi gani kikiwa katikati ya kifusi, hakifuatwi.

Hatua za kazi

1. Gonga paa usikilize. Tumia fimbo ndefu, ukiwa umesimama mahali salama. Mlio mkavu, wa juu, ni wa mwamba ulioshikana. Mlio mzito kama wa ngoma ni wa tabaka lililokwisha kuachana na lile la juu yake. Mahali penye mlio wa ngoma hapapimwi. Mjulishe msimamizi wa zamu, weka alama, sogea.

2. Chora matabaka kabla ya kupima lolote. Anzia juu ya makaa kwenda juu: tabaka la kwanza ni la aina gani, lina unene wa sentimita ngapi, linakutana na la pili kwa mstari mkali au kwa kubadilika polepole. Vyanzo vyako ni kingo za mahali paa lilipoanguka zamani (ukiwa chini ya sehemu iliyofungwa), njia zilizopasuliwa juu kwa ajili ya hewa, au koa za mashimo yaliyochorongwa kwenye paa. Pima hadi urefu wa bolti, na zaidi kidogo ukiweza. Tabaka dhaifu lililo sentimita 20 juu ya ncha ya bolti lina uzito kuliko jiwe gumu unalolishika kwa mkono.

3. Piga kwa kichwa cha duara cha nyundo. Jaribio hili ni sehemu ya mfumo wa kupima ubora wa paa uliotolewa na Ofisi ya Migodi ya Marekani mwaka 1994, unaolipa paa alama kati ya 0 na 100. Piga pigo moja thabiti kwenye uso mbichi, usiooza, kisha tazama alama iliyobaki:

- nyundo inadunda bila kuacha alama ya maana: zaidi ya 103 MPa;
- inaacha kidoa kidogo kilichochongoka: 55 hadi 103 MPa;
- inabonyeza mwamba, ikiacha kidimbwi bila kumenyeka: 21 hadi 55 MPa;
- inachimba shimo na kutupa vipande pembeni: 7 hadi 21 MPa;
- mwamba unafinyangika chini ya nyundo: chini ya 7 MPa.

Rudia mara tano mahali tofauti kwenye tabaka lilelile, uandike alama iliyojitokeza zaidi. Upana wa makundi haya usikukatishe tamaa. Kundi sahihi lina faida kuliko desimali mbili za uongo.

4. Hakikisha kwa kisu na nyundo ya jiolojia. Mwamba unaochunwa na kisu kwa urahisi uko kati ya 1 na 5 MPa. Unaochunwa kwa taabu, 5 hadi 25. Usiokwanguka kwa kisu lakini kipande chake kikivunjika kwa pigo moja thabiti, 25 hadi 50. Ukihitaji zaidi ya pigo moja, 50 hadi 100. Hatua ya 3 na ya 4 zikipingana kwa makundi mawili, umepiga tabaka tofauti bila kujua, au umepiga uso uliooza. Safisha, upige upya.

5. Pasua kwa tindo. Weka makali ya tindo kwenye mstari wa tabaka, sambamba nao, ugonge kwa nguvu ileile huku ukihesabu mapigo mpaka kipande kifunguke. Kisha tazama nyuso mbili zilizofunguka. Ni laini na zenye kung'aa kama zimepakwa mafuta? Zina filamu ya makaa, au majani yaliyogeuka jiwe? Ni chakavu, punje zikiwa zimeng'oka? Andika haya kwa maneno, kwa kila tabaka. Uso unaong'aa, wenye mikwaruzo ya kuteleza, ni habari mbaya kwa paa hata kama nyundo ilidunda.

6. Chukua sampuli na uifunge palepale. Mwamba wa tope ukitoka chini na kukutana na hewa kavu huanza kupasuka ndani ya saa chache, na ukilowa baada ya hapo humomonyoka. Ufunge kwa plastiki mizunguko mitatu, weka kwenye mfuko, toa hewa, funga kwa selotepu. Chora mshale unaoonyesha upande wa juu. Andika njia, umbali kutoka alama ya upimaji iliyo karibu, urefu juu ya makaa, tarehe na saa. Alama iandikwe kwenye sampuli yenyewe na kwenye mfuko pia, maana mifuko hubadilishana.

Kwa kila tabaka chukua mwamba wa kutosha vipimo 20: 10 vya kubana kukata matabaka na 10 vya kubana sambamba nayo. Kwa mwamba unaobanduka ovyo chukua mara moja na nusu ya hapo.

7. Andaa vipande. Pima siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi. Fungua mfuko mmoja mmoja. Usizimwage sampuli zote mezani zikauke zikikusubiri. Kwa koa iliyochorongwa wima kwenye matabaka yaliyolala, kuna mikao miwili:

- *Kubana kwa mhimili*, koni zikigusa nyuso za juu na chini. Umbali kati ya koni, D, uwe kati ya 0.3 na 1 ya kipenyo cha koa. Huu hupima nguvu ya mwamba wenyewe.
- *Kubana kwa ubavu*, koni zikigusa pande mbili za mviringo. Kutoka sehemu ya kubana hadi mwisho wa koa ulio karibu kuwe na angalau nusu ya kipenyo. Huu hupima mshikamano wa matabaka.

Fanya ya ubavu kwanza kwenye koa ndefu. Vipande vinavyobaki vizima vitatumika kwa mhimili.

Huna koa? Vipande visivyo na umbo vinakubalika, vikiwa na ukubwa wa mm 30 hadi 85 kati ya koni. Karibu na 50 ndiyo bora. Uwiano wa D kwa upana ubaki kati ya 0.3 na 1. Chonga kwa nyundo polepole uondoe pembe zinazochomoza.

8. Pima kwa kalipa kabla ya kubana. D ni umbali kati ya ncha za koni. W ni upana mdogo kabisa wa kipande kwenye ulalo unaokatwa na koni. Kama pande hazilingani, chukua wastani wa upana wa juu na wa chini.

9. Bana. Shusha koni mpaka zishike kipande bila kukisukuma. Rudisha sindano ya kumbukumbu ya geji kwenye sifuri. Funika kwa kitambaa kizito au kioo cha kinga cha mashine, vaa miwani, kisha pampu kwa mwendo mmoja, kipande kipasuke kati ya sekunde 10 na 60. Anza kwa saa ya mkononi mpaka mkono uzoee. Kupampu kwa pupa hupandisha namba.

Kwenye mwamba laini koni huzama kabla ya mpasuko. Hapo soma umbali wa koni wakati wa kupasuka, uuite D′. Eneo la kwenye hesabu litakuwa W × D′ badala ya W × D. Usiliache, kwa sababu kwenye tope laini tofauti ni kubwa.

10. Kagua mpasuko kabla ya kuandika namba. Mpasuko halali unapita kwenye alama zote mbili za koni, kutoka moja hadi nyingine. Ukitoka ubavuni, ukagusa koni moja tu, au ukafuata ufa wa zamani uliokuwa na kutu au vumbi, andika "batili" na sababu yake. Usiufute. Tabaka lililotoa vipimo 9 batili kati ya 15 kwa sababu ya nyufa za zamani limekwisha kukueleza hali yake.

11. Piga hesabu. Tuchukue mfano wa koa ya NQ (saizi mojawapo ya kuchoronga) yenye kipenyo cha mm 47.6, imebanwa kwa mhimili, D ikiwa mm 40. Geji imesoma 5.0 MPa, na cheti kinasema eneo la pistoni ni mm² 1,440.

Mzigo P = 5.0 × 1,440 = N 7,200.
De ni kipenyo linganifu cha eneo linalopasuka: De² = 4 × W × D ÷ 3.1416 = 4 × 47.6 × 40 ÷ 3.1416 = mm² 2,424. Kwa hiyo De = mm 49.2.
Is ni namba ya pointi lodi kabla ya marekebisho: Is = P ÷ De² = 7,200 ÷ 2,424 = 2.97 MPa.
Kirekebishi cha ukubwa F = (De ÷ 50) kwa kipeo cha 0.45 = 0.993.
Is(50), yaani Is iliyorekebishwa kwa kipenyo cha mm 50 = 0.993 × 2.97 = 2.95 MPa.
Nguvu ya kubanwa = 21 × 2.95 = takribani 62 MPa.

Sasa koa ileile imebanwa kwa ubavu. Hapa De² ni D² tu, yaani 47.6 × 47.6 = 2,266. Geji imesoma 0.9 MPa, kwa hiyo P = N 1,296, Is = 0.57, F = 0.978, na Is(50) = 0.56 MPa.

Gawanya 2.95 kwa 0.56: unapata zaidi ya 5. Mwamba huo una nguvu mara tano zaidi ukiubana kukata matabaka kuliko ukiubana sambamba nayo. Ukikaribia 1, mwamba ni sawa pande zote, kama mwamba wa mchanga mnene usio na mistari. Kwa matabaka membamba, uwiano huu ndio ungetangulia kuusoma.

12. Toa wastani. Ukiwa na vipimo 10 halali au zaidi kwa mkao mmoja, ondoa viwili vya juu kabisa na viwili vya chini kabisa, kisha chukua wastani wa vilivyobaki. Ukiwa na vichache, ondoa kimoja cha juu na kimoja cha chini, na useme hivyo kwenye ripoti.

13. Loweka kipande. Chukua kipande cha ukubwa wa ngumi kutoka kwenye kila tabaka la tope, ukitumbukize kwenye chombo cha maji safi usiku kucha. Kesho tazama: maji yamechafuka kiasi gani, kuna nyufa mpya, kuna lundo la tope chini ya chombo, kipande bado kinahimili kuvunjwa kwa mikono? Hili halihitaji mashine, na wengi huliruka. Lakini kwenye njia ya hewa, unyevu wa masika ukiingia, paa lenye 40 MPa siku ya kupimwa linaweza kuwa linamwaga magamba baada ya miezi michache.

21 au 24?

Namba 24 imetoka kwenye vitabu vya miamba kwa jumla, na hutajwa sana kwa koa za ukubwa wa mm 54. Watafiti wa Marekani walipolinganisha vipimo vingi vya miamba ya migodi ya makaa walipata wastani wa 21, ukitumia vipimo vya mhimili. Tumia 21. Kwenye mfano wetu, 24 ingekupa 71 MPa badala ya 62, na ziada hiyo ungeipata hewani. Kama mgodi una bajeti ya kupeleka vipande 10 maabara kwa kila aina ya mwamba, tafuta K yako mwenyewe, yaani namba yako ya kuzidishia. Itashinda zote mbili.

Usizidishe kipimo cha ubavu kwa 21. Kosa hili ni la kawaida mno. 0.56 × 21 inaleta karibu 12 MPa, namba isiyo nguvu ya mwamba wala nguvu ya mshikamano. Is(50) ya ubavu iandikwe ilivyo.

Chini ya 25 MPa, usiutegemee sana ubadilishaji huu. Koni huzama, na mwamba hupasuka kwa namna isiyolingana na hesabu. Rudi kwenye nyundo, kisu na chombo cha maji.

Nyundo ya Schmidt

Ni ya haraka na haiharibu kitu, ndiyo maana watu huitumia vibaya. Aina ya L hupiga kwa nishati ya Nm 0.735, aina ya N kwa Nm 2.207. Kwa miamba ya makaa chukua L. Ile ya N hupasua tope kabla ya kulipima.

Sugua uso kwa jiwe mpaka uwe laini. Kaa mbali na nyufa angalau sentimita 6. Piga mara 20, kila pigo mahali papya, umbali kati yake usipungue kipenyo cha ncha ya nyundo. Nyundo isimame wima juu ya uso unaopigwa. Andika pia mwelekeo wa pigo: ukipiga juu kwenye paa, uzito wa kirungu cha ndani husaidia kurudi, na usomaji hupanda kuliko ilivyo kweli. Tumia jedwali la masahihisho linalokuja na nyundo.

Kosa kubwa lipo hapa. Tabaka jembamba lililoachana na la juu hulegea linapopigwa na kula nishati, nyundo ikasoma chini. Anayeanza huandika "mwamba dhaifu". Pengine mwamba ni mgumu sana, tatizo ni pengo nyuma yake. Ndiyo maana hatua ya kugonga na kusikiliza imekaa ya kwanza. Tumia Schmidt kulinganisha mahali na mahali kwenye tabaka moja, kujua wapi panabadilika. Usiitumie peke yake kutoa MPa.

Makaa yenyewe, na sakafu

Usiweke kipande cha makaa kwenye pointi lodi ukapanga ukubwa wa nguzo (makaa yanayoachwa yamesimama kubeba paa) kwa namba hiyo. Makaa yana nyufa za asili zilizo wima, zilizokaribiana, na kipande kidogo kinachofika mezani kizima ni kile kilichobahatika kuzikosa. Nguzo nzima inazo zote. Baada ya maafa ya Coalbrook, Afrika Kusini, Januari 1960, ambapo nguzo ziliporomoka na zaidi ya wachimbaji 430 wakafa, njia iliyopatikana haikuwa ya kupima vipande vidogo vizuri zaidi. Ilikuwa ya kulinganisha nguzo halisi zilizosimama na zilizoanguka. Kanuni ya nguvu ya nguzo ya Salamon na Munro ya mwaka 1967 ilitoka huko, ikiwa na 7.2 MPa kama namba ya msingi kwa makaa ya huko. Namba ya nguzo ni kazi ya mhandisi wa mgodi. Wewe mpelekee upana na kimo halisi cha nguzo, na nafasi kati ya nyufa za makaa.

Sakafu ya tope laini hupimwa kwa sindano ya kuchoma: sindano nyembamba yenye chemchemi, inayosukumwa kwa mkono mpaka izame mm 10 au mzigo ufike N 100. Gawanya mzigo kwa kina. Kifaa hiki hufaa kwa miamba iliyo chini ya 20 MPa hivi. Futa kwanza tope lililokanyagwa hadi ufike kwenye mwamba wenyewe, na upime palipo pakavu na palipo na maji kando kando. Tofauti kati ya hapo pawili ndiyo itakayokuonya kwamba sakafu itafura.

Mambo yakienda mrama

*Vipimo vinatawanyika: 1.1, 3.8, 0.9, 4.2.* Karibu kila mara umechanganya mikao miwili au matabaka mawili. Vitenge kwa mishale uliyochora. Kama hukuchora mishale, sampuli hiyo haifai kwa uwiano, chukua nyingine.

*Sindano ya geji hairudi sifuri.* Kuna hewa kwenye oili au geji imegongwa. Toa hewa kupitia skrubu ya juu, jaza oili ya haidroliki ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, kisha jaribu tena. Ikibaki hivyo, mashine iende kurekebishwa. Usiwe na tabia ya kutoa "kile kilichozidi" kwa kichwa.

*Mpasuko unatoka ubavuni kila mara.* Koni hazitazamani sawasawa, au ncha zimechakaa na kuwa bapa. Shusha koni bila sampuli mpaka zikaribiane, utazame kwa mwanga wa nyuma.

*Koa inafunguka mkononi kabla ya kupimwa.* Hicho ni kipimo tayari. Andika "imebanduka wakati wa kuandaa, mshikamano karibu na sifuri", na uhesabu vipande vilivyofanya hivyo. Ukivitupa kimyakimya na kupima vilivyobaki vizima, ripoti yako itaeleza sehemu nzuri ya paa peke yake.

*Siku ya pili namba zimepanda.* Sampuli zimekauka. Mwamba wa tope mkavu huonekana mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa chini. Angalia mifuko.

*Nyundo inasema 30, pointi lodi inasema 90.* Rudi kwenye hesabu. Mara nyingi ni eneo la pistoni lililowekwa kwa sentimita za mraba pale palipohitaji milimita, au De badala ya De². Hesabu ikiwa sawa, nyundo ilipiga uso uliooza.

*Hesabu inasema paa ni imara, lakini vipande vinadondoka kati ya bolti.* Amini vipande. Angalia kwanza Is(50) ya ubavu, kisha nafasi kati ya matabaka: matabaka ya sentimita 3 ya mwamba wa 80 MPa bado ni matabaka ya sentimita 3. Angalia kama kuna maji yanayotona, na kama uso uliobaki juu unang'aa. Peleka taarifa kwa msimamizi siku hiyohiyo ukiwa na michoro ya hatua ya 2, hata kama jedwali halijakamilika.